Gari Lililogoma Mbele ya Wazee

Winfrida alijifunza kuendesha gari akiwa na miaka arobaini na nne, baada ya kupika miaka kumi na tisa katika jiko la shule ya bweni. Mtihani wa udereva aliufaulu mara ya pili. Mwaka jana, mwezi wa nane, alinunua gari dogo jeupe la kufanyia teksi, lililokwisha kutumika Japani, likaletwa Kigoma kutoka Dar es Salaam, na ndani ya siku ya kwanza likamshangaza. Kila aliposimama na kushikilia breki, injini ilinyamaza. Aliponyanyua mguu, iliwaka.

Muuzaji alikuwa amemweleza kwa simu kwamba ni mfumo wa kuokoa mafuta na kwamba asiogope. Yeye hakuogopa. Walioogopa ni abiria. Siku ya tatu, kwenye kivuko cha waenda kwa miguu pale Mwanga, injini ilinyamaza, na mama mmoja aliyekuwa amepakata dumu la mawese alifungua mlango, akaliweka dumu kwenye kiti, akazunguka nyuma ya gari na kuweka mikono tayari.

"Mama, unafanya nini?"

"Si limezima? Ngoja nikusukume."

"Halijazima. Limelala tu."

"Limelala barabarani? Gari gani hilo lisilo na adabu?"

Ilimchukua miezi miwili kuwazoesha watu. Alibandika karatasi mbele ya kiti cha abiria, akaiandika kwa herufi kubwa: INJINI IKINYAMAZA, KAA TULIA. Kijiweni, Bariki, dereva wa siku nyingi anayependa utani, alimpa jina la Mama Zima-Washa. Wengine wote humwita Mama Scola, kwa jina la binti yake. Winfrida alilipokea lile jina jipya bila kununa, kwa sababu lilikuwa linamletea wateja. Watu walitaka kuliona gari linalolala.

Mwezi wa pili mwaka huu, kliniki moja ya macho mjini ilitafuta gari la kuwachukua wazee wenye mtoto wa jicho majumbani mwao na kuwarudisha baada ya matibabu. Winfrida aliitaka kazi hiyo kuliko kazi yoyote aliyowahi kuiomba. Mama yake mzazi aliishi gizani miaka sita ya mwisho, si kwa sababu tiba haikuwapo, bali kwa sababu hakupatikana mtu wa kumfikisha. Winfrida wakati huo alikuwa jikoni, akikoroga ugali wa wanafunzi mia nne, hana gari wala hajui kuliendesha.

Alipewa majaribio ya wiki mbili. Msimamizi alikuwa Sista Diana, muuguzi wa miaka thelathini na kitu, mwepesi wa kutembea na mwepesi wa kusema. Kila asubuhi wazee watatu au wanne walitakiwa kuwa kwenye benchi la kliniki ifikapo saa mbili, maana daktari hakuwa na muda wa kuwangoja.

Asubuhi ya kwanza alianzia Ujiji, kwa Bibi Mwanvua. Alisimama mbele ya nyumba, injini ikanyamaza. Akashuka, akasalimia, akamshika bibi mkono hadi kwenye kiti cha nyuma. Akarudi kwenye usukani, akafunga mkanda, akashusha breki ya mkono, akaachia breki ya mguu. Kimya. Akazungusha ufunguo. Kimya.

"Limelala?" Bibi Mwanvua aliuliza kutoka nyuma.

"Limelala, bibi."

"Basi liamshe, mwanangu. Macho yangu yanangoja."

Majirani walitoka na kusukuma. Baada ya hatua kama ishirini aliujaribu tena ufunguo, gari likawaka, watu wakapiga makofi. Katonga, kwa Mzee Calixte, ikawa hivyo hivyo. Wauza dagaa waliacha meza zao wakaja kusukuma, na mmoja akasema gari hilo limejifunza uvivu huko huko lilikotoka.

Hadi Jumatatu ya wiki ya pili gari lilikuwa limegoma mara nne. Sista Diana alimngojea mlangoni.

"Mama Scola, daktari ameshavua glavu. Bibi wa watu kashinda na njaa tangu jana kwa ajili ya upasuaji, sasa anarudi nyumbani hivyo hivyo."

"Nisamehe, Sista. Nitalitengeneza."

"Nakupa mpaka Alhamisi; hadi hapo usichukue wazee. Siku hiyo nitapanda mwenyewe. Likigoma mara moja tu, Ijumaa anaanza Bariki."

Winfrida alikwenda moja kwa moja kwa Selestini, fundi wa umeme wa magari. Selestini aliipima betri: nzima, tena ya aina inayotakiwa kwa magari ya namna ile. Akapima starta: nzima. Akakuna kichwa kwa bisibisi.

"Tuukate waya wa huu mfumo wa kuzima na kuwasha. Tumalize."

"Waya upi?"

"Tutautafuta."

"Wewe huujui, mimi siujui, halafu tuukate?"

"Mama Scola, kazi unaitaka au huitaki?"

"Naitaka. Ndiyo maana sikati."

Selestini alicheka, akaanza kurudisha vifaa vyake kwenye sanduku. Winfrida akamweleza jinsi watu walivyosukuma na jinsi gari lilivyowaka. Fundi akaacha kucheka.

"Lilisukumwa, likawaka?"

"Mara zote nne."

"Haiwezekani. Hili ni la otomatiki. Otomatiki haiwaki kwa kusukumwa, hata wakusukume mpaka Kasulu."

"Basi liliwashwa na nini?"

"Hilo jiulize wewe uliyekuwa kwenye usukani," alisema Selestini, na hakukusudia kumsaidia, lakini alimsaidia.

Siku ya Jumanne, na Jumatano mpaka adhuhuri, Winfrida alibeba abiria wake wa kawaida na kuandika kila mahali injini iliponyamaza: saa, mahali, nani alipanda, na kama iliamka. Alisimama mara arobaini na moja. Iliamka mara arobaini na moja. Ile migomo minne nayo aliiandika kwa kuikumbuka, moja moja. Bariki alimkuta kijiweni akisoma orodha hiyo, akachungulia begani kwake.

"Bibi Mwanvua. Mzee Calixte. Bibi Mwanvua tena. Mzee Feliksi. Mama Zima-Washa, gari lako linachukia wazee!"

Kijiwe kizima kilicheka. Winfrida hakucheka. Alikunja karatasi, akawasha gari, akashuka nalo hadi Katonga, akasimama kwenye uwazi karibu na mwalo wa wavuvi, mahali ambapo pangemtosha kujaribu bila kumgonga mtu.

Alijiuliza swali moja: ninawafanyia nini wazee ambacho siwafanyii wengine?

Jibu lilikuwa karibu sana, na kwa hiyo alikuwa hajaliona. Kijana akisimamisha gari, anapanda, safari inaendelea, dereva hanyanyuki. Lakini kwa mzee Winfrida alishuka. Kwao, mwanamke hamsalimii mzee akiwa amekaa kwenye kiti. Anakwenda mpaka miguuni pake, anapiga goti, anampa mikono miwili, anasema shikamoo, au kwa wale waliozoea Kiha, mwakeye, na anangoja aitikiwe. Kwa hiyo alikuwa anafungua mkanda, anafungua mlango, anashuka. Na zile mara nne, kwa haraka na kwa kuwa injini ilikuwa kimya tayari, hakuzima kwa ufunguo; mkono wake ulivuta breki ya mkono tu. Gia aliiacha palepale ilipokuwa, kwenye D, kana kwamba bado yuko safarini.

Alifungua kiboksi cha mbele na kutoa kitabu cha gari. Chote ni Kijapani. Alikipekua picha kwa picha mpaka akaiona: mtu ameketi, mkanda umefunguliwa, mlango umefunguliwa, na pembeni ile alama ya injini kujiwasha imechorwa msalaba.

Akajaribu. Alikanyaga breki, injini ikanyamaza. Akavuta breki ya mkono, akafungua mkanda, akafungua mlango. Kengele ndogo ikalia chini ya usukani. Sokoni na vichochoroni, katikati ya salamu na kelele za watu, hakuwahi kuisikia. Akarudi, akafunga kila kitu, akaachia breki. Kimya. Akazungusha ufunguo gia ikiwa D. Kimya. Akapeleka gia N, yaani huru, kama alivyofanya kila walipotaka kumsukuma, akazungusha ufunguo. Likawaka.

Basi wale watu wote hawakuwa wamewasha chochote. Walisukuma, wakatoka jasho, na gari likawashwa na gia. Winfrida alicheka peke yake mpaka wanawake waliokuwa wakianika dagaa wakainua vichwa. Halafu akanyamaza, kwa sababu aliona pia kwamba alikuwa amewapigia wazee magoti mbele ya gari lililoachwa kwenye gia, ambalo lingeweza kuwaendea. Alirudia zoezi mara kumi, safari hii kwa namna nyingine: kusimama, gia P ya kuegesha, kuzima kwa ufunguo kwa mkono wake, ndipo mkanda, ndipo mlango. Mara kumi liliwaka.

Alhamisi saa kumi na mbili na nusu asubuhi Sista Diana alipanda mbele, saa mkononi. Njiani kuelekea Ujiji Winfrida alimweleza yote.

"Kumbe ni salamu tu!" Diana alisema. "Basi si rahisi? Usishuke. Wasalimie dirishani, mimi nitawashika mkono."

"Hapana, Sista."

"Hawaoni, Mama Scola. Watajuaje kama umekaa?"

"Watajua. Sauti ya mtu aliyepiga goti inatoka chini."

"Na likigoma?"

"Likijizima lenyewe linangoja mguu wangu. Nikilizima mimi linangoja ufunguo. Nilikuwa nimeyachanganya hayo mawili. Sasa sichanganyi."

Diana alitazama saa.

Mbele ya nyumba ya Bibi Mwanvua injini ilinyamaza kama kawaida. Winfrida alisogeza gia hadi P, akazungusha ufunguo mpaka taa zote za dashibodi zikazima, akafungua mkanda, akashuka. Bibi alikuwa kibarazani, fimbo mkononi, na majirani watatu wamesimama karibu, mikono ya mashati imekunjwa.

"Shikamoo, bibi," Winfrida alisema, goti chini.

"Marahaba, mwanangu. Nimeshawaita wasukumaji mapema, tusichelewe kama juzi."

"Leo hatusukumi, bibi."

"Usiwafukuze kwanza. Waache wasimame."

Alimwingiza bibi kwenye kiti, akamfunga mkanda, akarudi kwenye usukani. Diana alikuwa ameacha kutazama saa; alikuwa anatazama mkono wa Winfrida. Ufunguo ukazunguka. Gari likawaka.

"Haya, nendeni nyumbani!" Bibi Mwanvua aliwapigia kelele majirani kupitia dirishani. "Limeamka lenyewe!"

Kwa Mzee Feliksi alipiga goti kwenye vumbi, gari likawaka. Katonga alipiga goti kati ya meza za samaki, akapokea mikono ya Mzee Calixte, akaulizwa habari za nyumbani, naye akaulizia za kwake bila kuharakisha. Diana alikohoa mara moja ndani ya gari. Likawaka.

Saa mbili kasoro dakika kumi na tano wazee watatu walikuwa kwenye benchi la kliniki. Winfrida alikuwa akimshusha Bibi Mwanvua, mkono wake mmoja umemshika kiwiko, aliposikia Diana akizungumza kwenye simu, "Bariki, ile ya kesho usije. Hapana. Nimesema usije, yupo mtu."

Diana akaiweka simu mfukoni.

"Kesho wako wanne, Mama Scola. Na wanne wote ni watu wa kusalimiana muda mrefu."

"Basi nitaondoka saa kumi na mbili," alisema Winfrida.