Duka la mtaa ni langu, lakini nimefichwa nyuma ya pazia

Na lile swali la juzi la ukurasa huu, kama moyo mmoja unaweza kubeba furaha na uchungu pamoja, mimi nalijibu leo: unaweza, na wangu unabeba. Admin, ficha jina langu tafadhali. Nina miaka ishirini na mitatu, nilimaliza masomo ya sekondari, na nimeolewa mwaka huu hapa mjini Baraka, Kongo, na mwanaume ambaye hata sasa nikisikia hatua zake nje naacha kila kitu na kukimbilia mlangoni kama mtoto. Yeye ni fundi mwashi, mzaliwa wa hapa kando ya ziwa. Mimi ni wa juu, milimani, upande wa Bibokoboko, wazazi wangu ni wafugaji. Mnaoishi huku mnajua neno hilo "wa juu" lina uzito gani. Kila familia imepoteza mtu katika vita vya kule milimani kati ya watu wa juu na wa huku chini, yangu pia. Sisi wawili tulipendana hivyo hivyo.

Mtaa wetu ni mpya. Watu walihamia huku maji ya ziwa yalipoingia nyumba zao, na hapakuwa na soko wala butike, yaani duka dogo, hata moja. Ukikosa chumvi mboga ikiwa jikoni, unatembea kwenye matope hadi soko kubwa, au unapanda moto, pikipiki ya abiria, kwa nauli inayopita bei ya chumvi yenyewe. Kwa hiyo mume wangu alipojenga nyumba yetu, alitoboa dirisha pana la duka upande wa barabara. "Sheri, hii ndiyo zawadi yako ya ndoa," aliniambia, maana "sheri", yaani mpenzi, ndivyo anavyoniita. "Utakaa hapa kama malkia, na mutaa yote itakuja kukusalimia." Jamani, nililia! Na akina mama walikuwa wanampigia kelele akiwa bado juu ya ngazi: "Fundi, fungua haraka! Miguu yetu imekwisha!"

Kisha harusi ikafika, familia yangu ikashuka kutoka milimani, na mtaa ukaona bibi-arusi ametoka wapi.

Nilifungua dirisha nikiwa nimevaa kitenge changu kipya. Nilipanga chumvi, sukari, sabuni, viberiti, mafuta ya mawese, ndagala, dagaa wetu wa ziwani. Wanawake wakapita. Walipita na vikapu vitupu wakienda soko, wakarudi jua likiwa kali na chumvi ile ile ninayouza mimi. Jirani mmoja mwenye mimba, nimwite Mama Sifa ingawa si jina lake, alisimama mbele yangu kabisa akamwambia mwenzake: "Mi nikule sukari ya ba juu? Nani anajua bametia nini?" Mwenzake akacheka. "Twende, mama. Afazali matope." Miguu imevimba namna ile, na akaenda.

Siku moja wifi yangu Neema, dada wa mume wangu, alikuja kututembelea. Nikaingia kupika, yeye akakaa dirishani kupunga upepo. Kabla sombe, yaani kisamvu, haijaiva, chumvi yote ilikuwa imenunuliwa. Mume wangu aliporudi alinibeba juu akanizungusha. "Sheri, tumepata! Neema akae pale, we ukae ndani kidogo tu. Batazoea." Nikakubali. Angeniomba nini nikatae, mwanaume anayenipashia maji ya kuoga kila asubuhi?

Tangu hapo naishi nyuma ya pazia. Ni mimi ninayefunga sukari kwenye vifuko vya sashe, ni mimi ninayepima mafuta, ni mimi ninayekaanga mandazi. Dirishani panachangamka kama harusini. Mama Sifa anauliza kinywa kikiwa kimejaa: "We Neema, mandazi hii unatiaka nini? Bwana yangu atakuoa!" Neema anamjibu: "Aje na ng'ombe kwanza!" Wanacheka, na mimi huku ndani, unga mikononi, nacheka nao bila sauti. Lakini wiki iliyopita aliuliza: "Na ule bibi wa kaka yako, iko wapi? Simuoni tena." Neema akajibu bila kusita: "Alisharudi kwabo."

"Afazali," akasema Mama Sifa. "Nipe ingine tano."

Nilishika pazia. Sikutoka. Nilipomwambia mume wangu, alinifuta machozi kwa kiganja chake, akasema ni maneno tu ya kuuza, sheri. Lakini Jumapili, tukiwa tumeshavaa nguo za kanisa, aliniomba tupite njia ya nyuma, kwenye mashamba ya mihogo. Mimi, mke aliyefungishwa naye ndoa mbele ya kanisa zima! Nilipita. Mkono wangu ulikuwa ndani ya wake, na kwa mara ya kwanza tangu tuoane niliutoa.

Sasa ndugu zangu, mnaoona mbali kuliko mimi: nibaki nyuma ya pazia ili duka liishi, au nikae kwenye dirisha langu hata kama bidhaa zitajaa vumbi tena na jasho la mume wangu lipotee? Nampenda mno. Msiniandikie kwamba nimwache, hilo sikuuliza.

Na wewe Mama Sifa, utajijua. Ukurasa huu unausoma kwa sauti pale pale dirishani, wenzako wanacheka na kutoa mashauri, na mimi nasikia kila neno. Sijarudi kwetu. Sukari yote uliyokula imefungwa na mikono yangu, na hujaugua hata siku moja. Siku zako zimekaribia, na hapa Baraka kama kule juu, mama aliyejifungua hutembelewa na sabuni na sukari. Nitakuja kwako kabla mwezi huu haujaisha, mchana, kwa njia ya mbele, na mandazi yakiwa bado ya moto.