Kamba ya Mbuzi Mbele ya Masomo

Juma lililopita nilifanya upumbavu mbele ya watu, na heri niuseme mwenyewe kabla majirani hawajawaletea pamoja na chumvi yao. Mke wangu alikuwa na homa, basi ikanibidi mimi, fundi cherehani ambaye safari yake ndefu ya siku ni kutoka kwenye kiti hadi msalani, niende kumchukua mutoto wetu Neema masomoni, yaani shuleni, saa sita. Nilipofika karibu na mlango wa masomo nikakuta kamba imetandwa njiani, mwisho mmoja kwenye nguzo ya umeme, mwisho wa pili mkononi mwa mwalimu mmoja kijana, na kitambaa chekundu kinaning'inia katikati. Moto niliyopanda, yaani pikipiki, ikasimama. Nami, bila kufikiri, bila hata kumtazama yule mwalimu usoni, nikatia mkono mfukoni, nikatoa noti ya mia tano, nikaikunja ndogo vile inavyokunjwaga, nikamnyooshea.

Mwalimu aliitazama noti, kisha akanitazama mimi.

«Papa, huku tunavusha batoto. Hatuuzishe njia.»

Motari, mwenye kuendesha ile moto, alicheka mpaka kofia yake ya chuma ikamwangukia machoni. Neema, upande wa pili wa kamba, aligeuza uso kama mtu asiyenijua.

Wenye kukaa Goma hawatanicheka sana. Kwetu, kamba yenye kitambaa ikitandwa njiani ni bariyeri, usipolipa hupiti, na mkono unajua kazi yake kabla kichwa hakijaamka. Ila mimi sikuwa na haki ya kukosea, mimi kuliko watu wote, kwa sababu kamba ya kwanza kutandwa mbele ya masomo yale ilitoka nyumbani kwetu. Ilikuwa kamba ya mbuzi wetu, na mwenye kuishika alikuwa baba yangu. Nikiwa pale na noti yangu hewani, harufu yake ikanirudia puani: katani iliyolowa mkojo wa mbuzi, jasho la kiganja, na vumbi letu jeusi ambalo hata ukinawa linabaki kwenye kucha.

Papa yangu alikuwa konvwayeri wa lori la Butembo, yaani yule anayekaa juu ya mizigo, anayeshuka kwenye kila bariyeri kwenda kusema na wenye bariyeri, na anayetunza franga, pesa ya njia aliyopewa na tajiri mwenye lori. Tulimwona kidogo sana, akija na unga wa muhogo kwenye nyusi. Kisha njia ikafungwa kwa sababu zile zile mnazozijua, za bunduki, lori likalala kwenye uwanja wa tajiri, na Papa akalala kwetu, mtaa wa Majengo. Alipanga upya mawe ya volkano ya ukuta wetu. Alipomaliza akayapangua, akayapanga tena. Mama akamwambia, kwa jina la mdogo wangu: «Papa Sifa, hata mawe yamechoka kukuona.»

Siku hizo nilikuwa primere, shule ya msingi, mwaka wa tano, na mdogo wangu Sifa alikuwa ameanza tu. Sasa niwaelezee asubuhi ya masomo yetu, maana ilikuwa vita yenye kengele. Njia ilikuwa nyembamba, na pembeni mawe meusi yenye meno. Kutoka Himbi, mtaa wa wenye mali, zilikuja jeep, kila jeep na mutoto mmoja nyuma, amekaa kama askofu. Kutoka kwetu zilikuja moto, kila moja na watoto wanne, wa mbele amelalia tangi, wa mwisho makalio yakiwa hewani. Kutoka juu, upande wa njia ya Rumangabo, ziliteremka chukudu, zile baiskeli za mbao zisizo na pedali, na magunia ya makala ya kupikia, na mnajua breki ya chukudu: kipande cha mpira chini ya kisigino, na maombi. Wote walitaka mlango mmoja, dakika moja. Honi, filimbi, mama wa mandazi akitukana watu kwa adabu, na sisi wadogo tukipita katikati kama kuku.

Asubuhi moja chukudu ya mbao ikapita juu ya mfuko wa Sifa. Mfuko tu. Sifa alikuwa ameuacha chini ili afunge kiatu, na alikuwa amesogea hatua moja. Mandazi yaliyokuwa ndani tuliyatoa yamekuwa bapa kama ostia ya misa. Nilitaka kucheka, lakini nikamwona Papa, ambaye siku hiyo alitusindikiza kwa kukosa kazi, ameukumbatia ule mfuko kifuani.

Mama Direktrisi, mkubwa wa masomo, akaita wazazi. Mmoja akasema tujenge ukuta. Mmoja akasema tufunge na kuomba. Mwingine, mwenye koti, akasema tuunde komite ya kuangalia kama komite inahitajika. Papa, ambaye hakuwa amewahi kusema kwenye kikao chochote, akasimama nyuma kabisa.

«Mutu wa Goma haogope kifo. Anaogopa kamba. Tutande kamba.»

Watu wakacheka, kisha kicheko kikapungua kidogo kidogo, kwa maana kila mmoja alikuwa akitafuta kosa ndani ya lile neno na halionekani. Na kwa kuwa kwetu mwenye kusema ndiye mwenye kufanya, wakampa kazi.

Kesho yake mbuzi wetu alibaki bila kamba, akala sabuni ya jirani. Mama alipasua ukingo wa kitenge chekundu, Papa akaufunga katikati. Saa moja asubuhi akasimama pale, mwisho mmoja kwenye nguzo, mwisho wa pili amejizungushia mkononi. Kamba ikipanda, watoto wanavuka. Ikilala chini, magari yanapita. Jeep ya kwanza ilifika kwa kasi yake ya kila siku, ikaona kitambaa chekundu, ikasimama mara moja kama punda. Dirisha likashuka, mkono ukatoka, na katikati ya vidole, noti.

«Weka franga yako,» Papa akasema. «Huku hatulipe. Huku tunangoja.»

«Muzee, mukono mutupu haulambwi. Sema bei yako.»

«Ngoja batoto bapite. Hiyo njo bei.»

Kuna waliokasirika kwa kukataliwa, wakadhani bei imepanda. Kuna muchukudu mmoja aliyemtupia viazi viwili bila kusimama, kwa sababu hata angetaka asingeweza. Lakini juma halikuisha kabla hatujaanza kuvuka njia kama watu. Sifa alivuka akihesabu vitambaa vya vichwa vya wamama wa njiani. Chukudu zilijifunza kuanza kukanyaga mpira mbali, kule kwenye kona.

Mimi nilikufa kwa aibu. Darasani jina langu likawa Bariyeri. Nikiomba kalamu, wananiambia: «Lipa kwanza.» Nilikuwa naomba Mungu afungue njia ya Butembo, Papa arudi juu ya lori lake, aonekane mtu mkubwa tena.

Kisha neno likaanza kutembea, kama linavyotembeaga: kwamba muzee wa kamba anakula franga. Nani mjini alishawahi kuona kamba ya bure? Mama Direktrisi akamwita Papa. Mzazi mmoja, bosi mwenye jeep nyeupe, alikuwa amemlalamikia kwamba shofere wake anamwomba franga ya kamba kila asubuhi, na kwamba kama masomo yameanza kukata watu franga njiani, yeye anapeleka watoto wake pengine na mchango wake pia.

Papa hakubishana. Alisema tu: «Bosi aje yeye mwenyewe siku moja. Kama nimepokea, nitakata kamba mbele yake.»

Jioni ile hakumaliza bugali wake. Mama alimwambia aiache hiyo kamba kabla jina letu halijaoza. Akamjibu kwa kuuliza, na swali lake lilikuwa fupi: «Na Sifa, nani atamuvusha?»

Asubuhi iliyofuata jeep nyeupe ikaja. Bosi alikuwa amekaa mbele, na shofere ameshika usukani kwa mikono miwili kama mtu anayejifunza. Papa akainua kamba. Watoto tuliokuwa tumeshavuka hatukuingia darasani, tukasimama. Nilitaka sana kamba ile ife, na nilitaka sana isife.

Bosi akashusha dirisha, akatoa noti.

«Muzee, ya leo nalipa mimi mwenyewe. Ni ngapi?»

«Ni kungoja, bosi. Batoto bapite, kisha unapita.»

«Na ya kila siku?»

«Ya kila siku ni ile ile. Kungoja.»

Bosi akageuka polepole. Shofere alikuwa ameanza kutengeneza kioo cha kuangalia nyuma, kioo ambacho hakikuwa na shida yoyote. Motari mmoja aliyekuwa nyuma yao akapiga kelele: «Shofere, sema basi! Leo kioo kinakuambia nini?» Njia nzima ikacheka.

«Weye,» bosi akasema, «franga yangu unalipaka nani?»

Shofere akarudi kwenye kioo chake, akakigeuza tena. Mwanamume mzima, jasho linamshuka na jua bado halijapanda. Hapo Papa akainama dirishani.

«Bosi, usimukasirikie. Kutoka Himbi mpaka huku, kamba haikose. Pengine alilipa ingine.»

Kutoka Himbi hadi pale hakukuwa na kamba nyingine hata moja. Mimi nilijua, motari walijua, mama wa mandazi alijua. Nadhani bosi pia alijua. Alimtazama Papa, akacheka kwa pua, akarudisha noti yake. «Basi kutoka leo alipe na macho.» Papa akalaza kamba. Jeep ikapita taratibu, na shofere, bila kugeuka, akainua vidole viwili juu ya usukani.

Kamba ikabaki. Jina letu likabaki. Lakini mimi nilikasirika mpaka saa sita, na tulipokuwa tunarudi nikamuuliza: «Papa, yule alitaka kutuharibia jina. Juu ya nini umemuokoa?»

Alikuwa akiikunja kamba kati ya kiganja na kiwiko. Hakusimama.

«Mutu anayeshinda njiani na franga ya mwenye mali, usimuulize sana.»

Nikaona ni ulaini tu, maneno ya mzee aliyekosa kazi. Na miaka yote niliyokaa kwenye kiti hiki nikishona uniforme za watoto wa wenzangu, na diplome yangu ya D6, ya kumaliza sekondari, imetundikwa ukutani inanitazama, sikuwahi kulirudia lile neno. Papa alishika kamba mpaka magoti yakakataa. Tulimzika bila mimi kumuuliza tena.

Basi juma lililopita, baada ya aibu yangu ya noti, nilimsimulia jirani yetu Mama Kavira, yeye upande wake wa ukuta wa mawe na mimi upande wangu, nikitaka acheke kidogo na aende. Mama Kavira aliuza maharagi ya Butembo maisha yake yote, na zamani alisafiri juu ya lori lile lile la Papa, amekaa kwenye magunia yake. Alicheka kweli, akajipangusa macho na kitenge. Kisha nikamweleza habari ya shofere na jeep nyeupe, na namna Papa alivyokuwa laini.

«Laini?» akasema. «Papa Neema, weye ulisoma bure. Kwa njia ya Butembo kulikuwa kamba za batu, na kulikuwa kamba za papa yako. Za papa yako hazikuonekana. Tajiri alilipa zote.»

Sindano ilikuwa bado mkononi mwangu. Nilifikiri viatu vyetu vya kila Septemba, na ada ya masomo iliyotoka sikuzote kwa wakati, kwa mshahara ambao sasa, nikiwa baba, naujua haukutosha. Na uso wa Papa ukanijia, ameinama kwenye dirisha la jeep nyeupe. Hakuwa akimhurumia mgeni. Alikuwa akimtazama mtu aliyemfahamu vizuri sana.

Ningependa kuishia hapo, na macho yangu yenye machozi kidogo. Lakini Neema akatoka nyumbani na ujumbe wa mwalimu wake: kuanzia sasa wazazi watapokezana kamba, na juma linalokuja ni zamu yangu. Nikaanza kueleza, kwa utaratibu, kwamba nina uniforme za watu, kwamba vumbi linanikamata kifua, kwamba jua la saa sita na mimi hatuelewani tangu zamani.

Mama Kavira alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema:

«Papa yako alikuwa mwizi kidogo, lakini alisimama pale kila asubui. Weye hauibe, hausimame, unaikala tu kwa kiti.»