Siku ya Wakwe, Siku ya Kupimwa

Saa tatu asubuhi, mdadisi wa takwimu ameketi kwenye kochi laini, kishikwambi mapajani.

Kazi yake ni kupima umaskini wa kaya, na si kwa kipato peke yake: sakafu, maji, milo, choo, moto wa kupikia, elimu ya watoto. Kaya ikionekana nafuu inaondolewa kwenye ruzuku, na ruzuku ndiyo inayomweka kitindamimba wa nyumba hii shuleni.

Balaa ni kwamba leo nyumba ina wakwe. Wamekuja kumposa binti mkubwa, na wanasikiliza mahojiano kama taarifa ya habari.

“Mnapikia nini, mama?”

“Gesi,” mwenye nyumba anajibu bila hata kumeza mate.

“Wiki iliyopita, kuna siku mlilala bila kula?”

“Sisi? Chakula tunamwaga!”

Mdadisi anamtazama vidole. Vimejaa masizi.

“Nilijua vitu vya sebuleni ni vya kuazima,” anaeleza baadaye. “Lakini siruhusiwi kuandika ninachodhani. Mahojiano yanarekodiwa, na kilichosemwa ndicho kinachohesabiwa. Mwenzangu aliandika kwa huruma, akafukuzwa.”

Kurudi kesho hakuna. Kila kaya ina siku yake. Anahangaika, kisha anakumbuka kipengele ambacho lazima akione kwa macho yake.

“Mama, naomba unionyeshe choo.”

Nyuma ya nyumba, mama anaegemea ukuta wa mabati. “Mwanangu, kochi la jirani, jiko la jirani, hata hii nguo ni ya wifi yangu. Mficha maradhi kifo humuumbua, najua. Lakini wakwe ningewakalisha wapi?”

“Basi nirudie maswali, useme hivyohivyo. Ila sauti itoke, hii mashine haishiki minong’ono.”

Mama anaangalia mlangoni. Ananong’ona. Mdadisi anatikisa kichwa: haijashika. Mama anajaribu tena, machozi yakimlenga.

“Napikia kuni. Juzi tulilala njaa.”

Mtu anakohoa nyuma yao. Ni mama wa kijana anayeposa, kopo la maji mkononi, haja imemleta chooni.

“Nilitamani ardhi ipasuke inimeze,” anasema mdadisi. “Nikajiwazia: nimeokoa ruzuku, nimevunja ndoa.”

Mama wa kijana analiweka kopo chini polepole.

“Maliza kusema, mkwe wangu,” anasema. “Mimi nitasubiri. Na hivi viatu vinanibana kweli, maana si vyangu.”

Majibu yalitumwa siku ileile, na posa ikapokelewa. Lakini mdadisi bado hapati usingizi mzuri. Nyumba ngapi amewahi kuziandika nafuu kwa sababu palikuwa na mgeni sebuleni? Hajui, na hana namna ya kujua.

Wiki ijayo ni zamu ya mtaa wa yule mama wa kijana. Mdadisi anaomba jambo moja tu: amkute peke yake, miguu mitupu.