Pilau Iliyopigiwa King'ora

Mkiniona najifunika uso kwa leso kila ikitajwa harusi ya Ganda, msidhani ni haya za kike, ni fedheha niliyojitafutia kwa kidole changu mwenyewe, na bora muisikie kwangu kabla ya shoga yangu Riziki, maana yeye hadithi haimtoki bila kuongeza chumvi.

Kazi yangu ni kupikia watu harusi, hapo Shella, na nilikuwa nimechoka kukodi pikapu chakula kikafika na vumbi, basi niliposikia kuna gari la wagonjwa kuukuu linauzwa, nikalinunua. (Chekeni, wenzenu walishacheka.) Lakini jamani, milango mipana, sakafu ya kumwagia maji ukaosha! Nikang'oa kitanda, nikatia masufuria. Rangi na maandishi vikabaki, kwa sababu fundi aliniambia kesho, na kesho ya fundi mwaijua. King'ora, aliyeniuzia aliapa kimekufa.

Siku hiyo twapeleka pilau Ganda kwa Mama Sidi, aliyekuwa anamwoza bintiye. Karibu na soko tukanasa, mkokoteni wa madafu umepinduka, tuktuk zimefungana, jua linapanda. Riziki, ninayepika naye, akasema, "Hebu kibonyeze kidogo."

Nikabonyeza. Kikalia, na kunyamaza kikakataa.

Wallahi sijaona jambo kama lile. Tuktuk zikapanda kando, watu wakaubeba ule mkokoteni mzimamzima wakautoa njiani, madafu yanagaragara hakuna anayeyatazama, na mzee mmoja mlangoni pa duka akasimama akainua mikono kutuombea dua, na mimi nyuma nimebeba mbuzi wawili na mchele! Machozi yakanitoka. Watu wameacha riziki yao chini kwa ajili ya mgonjwa wasiyemjua, ningesimama niwaambie nini?

"Waambie ana kachumbari," akasema Riziki.

Tulipoipita njia ya hospitali tukaelekea Ganda, bodaboda wakaelewa kama anavyoelewa kila mtu wa kwetu: gari la wagonjwa likitoka mjini kwenda mashamba, halina tena mgonjwa, lina maiti. Wakavunja matawi ya mwarobaini, wakachomeka kwenye pikipiki, wengine mbele, wengine nyuma, honi juu ya honi, wanamsindikiza marehemu wetu.

Na kule Ganda bwana harusi, Kahindi, alikuwa hajafika. Alikuwa anangojwa kwa njia hiyohiyo.

Mama Sidi akatokeza uani na gauni lake la sherehe, akaliona gari, akayaona matawi. "Mulungu wangu! Kahindi!" Akaanguka kama gunia.

Nikazima gari, king'ora nacho kikazimika. "Ni pilau!" nikapiga kelele. "Jamani, ni pilau!" Hakuna aliyecheka, maana mama yule ana presha na alikuwa haitiki. Niliogopa, siwafichi: nimeua mtu kwa kidole.

Bodaboda aliyetangulia akafungua milango ya nyuma, akayatazama masufuria, akanitazama mimi. Nikangoja kofi.

"Haya, shusheni chakula," akawaambia wenzake. "Huyu mama apelekwe."

Tukamtandikia leso zetu sakafuni, penye harufu ya bizari. Nikabonyeza king'ora, safari hii kwa haki. Kimya! Basi wale vijana niliowadanganya wakatangulia tena, wakatufungulia njia kwa honi zao na kwa midomo yao, "Pisha! Pisha mgonjwa!" na njia ikafunguka vilevile.

Katikati ya safari gari moja lenye maua likaegemea kando kutupisha, na kutoka ndani yake akashuka kijana wa suti, akavua kofia kwa heshima.

"Mama, amka utazame!" Riziki akamwinua kichwa dirishani.

Mama Sidi akafumbua jicho moja. "Huyo si Kahindi?"

"Ndiye."

"Sasa mimi mwanipeleka wapi?"

Hospitali tulimpeleka vivyo hivyo, wakampima, wakasema ni mshtuko tu, na jioni alikuwa kwake anauliza ni nani aliyemaliza ukoko.

King'ora nimeking'oa, sikitaki hata kukiona. Rangi fundi bado asema kesho. Ila kitanda nimekirudisha, nimekikunja ubavuni mwa masufuria, kwa sababu siku ile watu walimpisha mgonjwa ambaye sikuwa naye, na sitaki tena wanipishe bure.