Koti Langu la Mikanda Miwili

Dada Wanjiru, nesi aliyenipa chumba hapa Sydney, ameshawasimulia wenzake kazini kisa hiki, kwa hiyo bora mkisikie kwangu mwenyewe.

Kazi ya kiwandani Smithfield niliiacha kwa sababu jengo halikuwa na madirisha. Nilipoitwa kujaribiwa siku moja kwenye shamba la farasi karibu na Minto, niliitaka kazi ile kuliko zote nilizowahi kuacha. Shida ilikuwa baridi ya Julai.

Nikaenda Bankstown kwenye duka la mitumba, nikapata koti zito lisilopitisha mvua. Halikuwa na mikono, nikalitupia mabegani kama joho.

Wanjiru alilizunguka. "Wewe, mbona hii koti iko na mikanda ya tumbo?"

"Wazungu wana vitambi, dada."

"Na hii kipande ya nyuma?"

"Cha kukalia. Nyasi zina umande." Nilijibu kama mtu aliyelishona.

Asubuhi nikafika shambani, mwili una joto kama mkate. Mwenye shamba, mama wa Kizungu, alinitazama akauma mdomo. "Huoni baridi?"

"Hata kidogo!"

"Vizuri. Watoe farasi nje."

Nikafungua banda. Farasi sita wakanigeukia, kila mmoja amevaa koti langu, mikanda tumboni, kile kipande kikifunika mkia.

Nyuma yangu mama alicheka mpaka akashika ukuta. "Jumatatu uje saa moja," akasema, akijifuta machozi. "Hao sita utawavalisha wewe. Wa saba naona anajivalisha mwenyewe."