Mikono Minane, Shingo Moja

Saa mbili na nusu asubuhi, shingo ya Mjomba inachanika kwa mara ya tatu.

Mjomba ni sanamu ya mazoezi ya kumgeuza mgonjwa kitandani. Kiwiliwili chake ni godoro lililokunjwa na kushindiliwa mchanga, kichwa ni dumu la lita tano, na mahali pa shingo pana gazeti lililoviringishwa. Kichwa kikitangulia mwili hata kidogo, gazeti linachanika.

“Mmemuua Mjomba,” anasema mwanamke aliyesimama mlangoni. “Haya, nani shahidi?”

Wanafunzi wanne wanaangaliana. Mmoja anasomea udaktari, mmoja uuguzi, mmoja famasia, na mmoja tiba ya viungo.

“Daktari kawahi,” anasema kijana wa tiba ya viungo.

“Mimi? Ninyi ndio mmechelewa. Amesema tatu, nimegeuza.”

“Sisi tunageuza baada ya tatu, bwana! Nani kakwambia kwenye tatu?”

Mwanamke anacheka. Wanafunzi wanamwita Shangazi. Ni muuguzi mkufunzi, kazini mwaka wa kumi na tisa, na kila kundi analolipokea hukwama hapohapo.

“Wote wamefundishwa vizuri,” anasema huku akiviringisha gazeti jingine. “Ila kila darasa lina tatu yake, na hakuna aliyewahi kuchungulia darasa la jirani.”

Dawa yake ni fupi. Anayeshika kichwa ndiye anayeongoza, awe nani. Anahesabu hadi tatu, kisha anasema “geuza.” Kabla ya neno hilo, hakuna mkono unaosogea.

Somo hili lilianza miaka mitatu iliyopita, baada ya Shangazi kukaa wodini kando ya bibi mmoja aliyevunjika nyonga. Ndani ya saa moja bibi aligeuzwa mara nne. Daktari alitaka kusikiliza mapafu, muuguzi kubadilisha shuka, mwingine kusafisha kidonda, na wa tiba ya viungo kunyoosha mguu.

“Kila mmoja alifanya kazi yake safi kabisa,” anakumbuka. “Walipoondoka, bibi akaniuliza, ‘Mwanangu, kwani hawa hawajuani?’”

Alipoomba nafasi ya kuwafundisha wanafunzi wa fani hizo pamoja, alipewa iliyokuwa stoo, kitanda kimoja, na saa moja kabla ya vipindi vya kawaida. Malipo ya ziada hakuna.

Leo, baada ya Mjomba kugeuzwa mara mbili bila gazeti kuchanika, wanne hao wanapanda wodini. Huko anawasubiri mtu mwenye damu na nyama: fundi rangi aliyeanguka kutoka kwenye ngazi na kuvunjika pingili moja ya shingo. Miguu yake bado inafanya kazi. Anasubiri upasuaji, na hadi hapo lazima ageuzwe, mgongo uoshwe usije ukafanya vidonda. Pingili ikiteleza katika kugeuzwa, huenda miguu hiyo isisogee tena. Fundi mwenyewe ameelezwa yote hayo, na amekubali.

Amelala chali, kola ngumu shingoni, macho darini.

“Aliyepaka dari hii alikuwa na haraka,” anasema. “Hawa ndio mafundi wangu?”

“Kaka, nyamaza, utajitikisa,” anamkanya dada yake, aliyeketi karibu na dirisha.

“Mdomo haujavunjika. Nani anashika kichwa?”

“Mimi,” anajibu msichana wa uuguzi, mdogo kuliko wote kwa umbo.

Fundi anamtazama msichana aliyesimama kichwani pake, sura yake ikionekana juu chini. “Umekula, mwanangu?”

“Nimekula, baba.”

“Basi shika.”

Msichana anashika. Wa udaktari, mrefu kama mlingoti, anachukua mabega. Wa tiba ya viungo nyonga. Kijana wa famasia miguu. Daktari na muuguzi wa wodi wanasimama pembeni. Shangazi anaweka mikono nyuma.

“Ukiona lolote, sema simama,” anawaambia. “Tunasimama kwanza. Maswali baadaye.”

“Moja. Mbili. Tatu. Geuza,” anaongoza msichana.

Mwili mzima unainuka upande mmoja kama mlango kwenye bawaba zake. Pua, kifua na magoti vinageuka pamoja, kwa mwendo mmoja, na shuka haitoi hata sauti.

“Simama!”

Ni kijana wa famasia. Tangu asubuhi hajasema neno.

Wanasimama. Fundi amebaki nusu njia, ameshikwa na mikono minane, wala hakuna anayeuliza kulikoni. Jasho linamteremka wa udaktari hadi ncha ya pua, analiacha lidondoke. Muuguzi wa wodi anainama na kuuona: mpira wa mkojo umenasa kwenye chuma cha kitanda, umekaza kama uzi wa gitaa. Anaunasua.

“Tayari,” anasema.

“Moja,” anaanza tena msichana, sauti ileile.

Shangazi ameona mengi katika kazi hii, lakini anakiri kwamba hapo mwili ulimsisimka. “Watu wanne, fani nne, wanasimama kwa pumzi moja kwa sababu mmoja wao kasema. Hata aliyesema alishangaa.”

Mpango wake sasa ni kuwaingiza stoo kwake madaktari na wauguzi walioajiriwa tayari. Barua ya maombi ameshaipeleka. “Hawa watoto wakihitimu watakwenda kufanya kazi na watu ambao kila mmoja bado ana tatu yake,” anasema. “Nitakuwa nimefundisha bure.”

Mgongo unaoshwa, shuka inabadilishwa, na fundi anarudishwa chali kwa hesabu ileile. Msichana wa uuguzi hajaachia kichwa. Dada wa mgonjwa amesimama, kiganja mdomoni.

Daktari wa wodi anamwomba kijana wa famasia aweke viganja vyake kwenye nyayo za fundi.

“Sukuma, fundi.”

Mguu wa kulia unasukuma. Kisha wa kushoto.