Mama Mkwe Aliponyamaza Mbele Yangu

Mimi si mtu wa kushtuliwa na kitu. Nilikimbia Kivu ya Kusini, huko Kongo, na godoro kichwani. Nakivale, kambi ya wakimbizi ya Uganda, niliuza ndagala, yaani dagaa, kwa kikombe mpaka nikanunua baiskeli, baiskeli ikazaa pikipiki, pikipiki ikazaa lori la Fuso. Shule yangu ilikomea darasa la tatu, primaire, lakini nasema Kiswahili, Kinyankore, Kifaransa cha kuombea bei, na Kiingereza cha kumshinda mwenye diploma sokoni. Nyumba yangu ya Ruti, pale Mbarara, ina vigae sakafuni. Nayaandika haya msomaji ajue kwamba mimi sikudanganywa na mtu. Niliyoyafanya niliyafanya nikiwa na akili zangu zote.

Mwaka ule kulikuwa na mafunzo katika ukumbi mmoja Mbarara, na tenda ya chakula cha mchana niliipata mimi. Waliofundishwa walikuwa maofisa wa ustawi wa jamii, wale wanaoshughulikia wazee, wagonjwa na vilema, wengine wa mjini, wengine wa Isingiro na kambini. Mwalimu alikuwa mama mmoja Mnyankore, mrefu, mwenye sauti ya chini. Aliwafundisha namna ya kujua kama mtu bado anaweza kujiamulia mambo yake. Na kama hawezi, namna ya kumwamulia kwa faida yake yeye, si kwa faida ya wanaomtunza. Mimi nilikuwa nikipanga masufuria polepole ili nisikie. Kusikiliza bure ndiko kulikonitajirisha.

"Mzee akiamua jambo la kijinga," mwalimu aliuliza, "ni dalili kwamba hana akili?"

"Ndiyo, nyabo," akajibu ofisa mmoja mnene, kwa heshima ya Kinyankore.

"Wewe ulituambia umeoa mara tatu. Tukupeleke wapi?"

Ukumbi mzima ukacheka, hata mimi na mwiko wangu. Kisha akawaeleza. Mtu huaminiwa kwamba anaweza, mpaka ionekane hawezi. Mweleze kwa lugha yake, saa ambayo kichwa chake ni chepesi, mbele ya watu asiowaogopa. Uone kama ameelewa, kama neno linakaa kichwani mwake, kama anapima uzuri na ubaya, kama anaweza kukuonyesha jibu, hata kwa kidole. Nilisikia yote hayo. Asiniambie mtu kwamba sikuwa darasani.

Siku ya tatu walitafuta familia za kufanyia mazoezi Nakivale, na mkalimani wa kundi mojawapo. Nikapangusa mikono nikasema, "Mkalimani ni mimi. Na mzee ninaye. Mama mkwe wangu."

Mama mkwe alikuwa akiishi peke yake katika nyumba ya udongo yenye mabati mazuri, na shamba la maharagwe nyuma yake. Alikuwa amesahau chungu motoni, jiko lake la nyasi likaungua lote. Nilimwogopea, huo ni ukweli. Ukweli mwingine ni kwamba nyumba ile ilikuwa penye kona ya barabara, pale malori ya mahindi yanapogeukia, na mimi nilikuwa natafuta mahali pa kujenga stoo. Ukweli wa kwanza niliusema kwa kila mtu.

"Amekubali tuje?" mwalimu akaniuliza.

"Amekubali."

Sikumwuliza. Ningemwulizaje? Kwetu mwanaume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Hawali mahali pamoja, hawalali chini ya paa moja, na neno la mmoja humfikia mwingine kupitia mke. Tangu nioe, sauti yake nilikuwa naisikia kwa mbali tu, kanisani, ndani ya sauti za mama wengine. Lakini nilijiambia desturi ile ilibaki mpakani pamoja na ng'ombe wetu. Sisi ni watu wa simu sasa.

Tukaenda maofisa watatu na mimi. Mwalimu alikuwa na kundi jingine upande wa ziwa. Mama mkwe alipoona ni mimi ninayeingia, alivuta kitenge akajifunika kichwa na uso, akageukia ukuta. Ofisa mnene akachuchumaa kwa heshima.

"Mwulize mzee, leo ni siku gani?"

Nikauliza. Kimya.

"Mwulize, akiendelea kukaa hapa peke yake, ni ubaya gani unaweza kumpata?"

Kimya.

"Mwulize kama anakumbuka moto."

Kitenge kilitikisika kidogo. Dada mmoja kati ya maofisa, kijana, alinitazama. "Huyu mama ni kama anaona haya. Kuna mtu mwingine anayeweza kuongea naye?"

"Ni hivi kila siku," nikasema. "Anakaa tu."

Hapo ndipo alipoongea, akiuambia ukuta: "Muite mutoto wangu. Akuje yeye, ataongea."

Mtoto wake ni mke wangu, aliyekuwa Ruti. Alikuwa anaomba njia ya kuniongelesha, njia ile ile tuliyoitumia miaka yote. Maofisa wakanigeukia wote watatu.

"Amesema nini?"

"Anasema anataka kwenda kwa binti yake."

Ilitoka kwa urahisi, kama bei ya uongo inavyomtoka mchuuzi. Walifurahi kwamba angalau kitu kimoja kimejulikana. Jioni walikata shauri: mama hawezi kupima jambo hili mwenyewe, na faida yake ni kuwa karibu na mwanawe, Mbarara. Kabla ya mwisho wa juma nilimpakia yeye na vyungu vyake kwenye Fuso. Mke wangu nilimwambia serikali imeamua. Naye akamwambia mama yake hivyo hivyo, na mkimbizi akisikia serikali imeamua, anafunga mzigo.

Ruti nilimpa chumba chenye dirisha la kioo, kitanda, na choo cha ndani. Nilipunguza hata safari zangu ili nimtunze. Majirani wa kutoka Biharwe mpaka Ruti, nani hakusikia? "Huyo ni mukwe wa kweli," walisema kanisani. "Wengine banatupa bazee bao."

Lakini mama hakula. Sahani ilitoka chumbani jinsi ilivyoingia.

"Baba ya batoto," mke wangu aliniambia uani, "mama anakonda. Ukisafiri anakula vizuri. Ukirudi anaacha."

"Ni uzee. Mupikie wali."

"Si wali. Yeye anakulaka namna gani mu nyumba ya mukwe wake? Anasikia mpaka kikohozi yako."

"Sasa nihame nyumba yangu?"

Alichukua sahani akaenda kuiosha. Nami nilibaki nyumbani, nikiwa mkaidi, siku ambazo ningeweza kwenda Isingiro kununua maharagwe. Kila siku niliyobaki ili nimtunze nilikuwa namnyima chakula, na nilijua. Mikono yake ilikuwa kama vijiti vya kuwashia moto. Niliwatuma watu wangu Nakivale wang'oe mabati yake, wabomoe kuta, wachimbe msingi wa stoo.

Sikujua kwamba mafunzo yale yalikuwa na sehemu ya pili. Mwalimu aliwafundisha maofisa wake kwamba mtu akishaamuliwa, lazima wamrudie, waone kama shauri lile lilimfaa. Wakaja Ruti, yeye na yule dada kijana. Nilivaa koti.

"Karibuni. Mimi nitatafsiri."

"Hapana, sebo. Leo atatafsiri nyabo," akasema mwalimu, akimwonyesha mke wangu. "Wewe ngoja nje kidogo. Hapana mlangoni. Kule kwa gari."

Nilikaa ndani ya Fuso, ndani ya geti langu mwenyewe, kama turnboi, utingo wa lori. Baada ya muda nikasikia mwanamke anacheka, kicheko kinene, cha kutoka tumboni. Nikafikiri jirani ameingia. Kikaja tena, na maneno mengi nyuma yake, ndipo nikaelewa ni nani. Nilikuwa nimezaa watoto, sasa wakubwa, na binti wa mwanamke yule, na kicheko chake sikukijua.

Mwalimu alitoka peke yake akaegemea mlango wa gari.

"Mama yako anajua leo ni siku gani. Anajua mpaka wa shamba lake na jirani anayeusogeza. Anasema nyumba yako nzuri sana, ila hapa hana fasi, hana mahali pa kutafuna."

"Na moto? Atakufa na moto!"

"Tulimwuliza. Anasema moto anauogopa. Anataka jiko la udongo, nje, mbali na ukuta, na jirani wa kumwangalia. Amepima mwenyewe. Anaweza kukosea, kama wewe na mimi." Akainama dirishani. "Siku ile alisema binti aje. Wewe ulisema nini?"

Nina lugha nne. Sikupata neno hata katika moja.

"Makosa ni yangu pia," akasema. "Niliwaacha wanafunzi wangu na mkwe kama mkalimani. Lakini wewe ulijua."

Wakalifuta shauri la kwanza, mama arudi kwake, lakini hakuwa na nyumba ya kurudia. Nilifukia msingi wa stoo, nikanunua miti, misumari, na mabati mapya kwa sababu yale ya zamani nilikuwa nimeshayauza. Fundi akajenga na jiko la udongo nje. Wazee wa ukoo wakaniambia, mtu aliyemlaza mama mkwe chini ya paa lake anatoa mbuzi na vitenge viwili. Nikatoa. Wakati wote huo, watu waliponiona nikishusha mabati walisema, "Unajengea mama mukwe nyumba! Mungu akubariki!" nami nikajibu, "Ni kitu kidogo." Ulimi wangu hauachi tabia.

Siku tuliyomrudisha nilisimama nje, mgongo kwa mlango, kama inavyopasa. Ndani alikuwa anakula ugali na maharagwe. Nilisikia kijiko kinagonga sahani. Wanawake wa kanisa walijaa uani. Mke wangu akatoka.

"Mama anasema, amesikia banakusifu kwa zawadi."

"Mwambie..."

"Hajamaliza. Anasema useme hapa, mbele ya hawa bamama, kama ni zawadi ama ni faini. Na kama ni faini, useme ni ngapi."

Ndani kijiko kikaacha kugonga. Niliwatazama wale mama waliokuwa wameniombea baraka, nikatazama viatu vyangu.

"Mwambie mama ni faini," nikasema, kwa sauti ya kufika ndani. "Mabati, miti, misumari, fundi, mbuzi, vitenge, na mafuta ya gari. Shilingi milioni moja, elfu mia mbili themanini na nne, na mia tano."